Sura ya Saba: Hai Mpaka Tarehe Gani?

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Guelph, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, walichapisha matokeo ambayo muuzaji wa virutubisho vya mbwa asingependa uyasikie. Walichukua bidhaa 25 za probiotiki zinazouzwa kwa ajili ya wanyama, wakasoma lebo zake, kisha wakaotesha maabara kile kilichokuwamo ndani na kukihesabu. Nyingine hazikuota kitu. Nyingine zilitoa hadi bakteria hai bilioni 2 kwa gramu. Kati ya bidhaa 15 zilizotaja idadi mahususi, 4 tu ndizo zilizofikia idadi hiyo au kuizidi. Na zile zilizokuwa na lebo inayojitosheleza, tena yaliyomo yakilingana na maneno yake, zilikuwa 2. Mbili kati ya ishirini na tano.

Mmoja wa watafiti hao, J. Scott Weese, alikuwa ameshalifukua jambo hili kabla. Mwaka 2003 yeye na mwenzake walipima vyakula 19 vya mbwa na paka vilivyojinadi kuwa na probiotiki. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na bakteria wote waliotajwa kwenye lebo, na vitano havikuwa na bakteria wowote wa maana. Anayejua jinsi chakula kikavu cha mifuko kinavyotengenezwa hatashangaa. Unga husukumwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo mkali, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta. Bakteria wengi hawatoki salama humo. Labda wanyunyiziwe mwishoni, na hata hapo bado kuna ghala, meli, bandari na rafu ya duka mbele yao.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu mjadala wa probiotiki za mbwa, kila ninapoukuta, huwa ni wa kutajiana majina ya makopo. Huyu anasifia la Marekani, yule la Afrika Kusini, mwingine anasema mtindi wa nyumbani unatosha. Hakuna anayeuliza kama kilichomo ndani ya kopo bado kiko hai. Na hilo ndilo swali la kwanza. Wataalamu waliokutana chini ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha anayevipokea. Hapo pana masharti matatu: viwe hai, vitoshe, vinufaishe. Kopo likikosa moja tu kati ya hayo, umenunua unga.

Lakini kabla ya kopo, tumtazame mbwa mwenyewe.

Katika mazingira yetu mbwa anayeharisha ana sababu nyingi zinazotangulia upungufu wa bakteria wazuri. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu asiyechanjwa, anayetapika na kutoa kinyesi chenye damu na harufu nzito, mshuku parvo mpaka daktari akuambie vinginevyo. Hicho ni kirusi, na kinachomwokoa mbwa ni maji ya mshipani na uangalizi wa karibu. Mbwa mwenye ufizi mweupe, tumbo limejaa na mbavu zinahesabika, huenda ana minyoo, pengine ya safura, ambayo watoto wa mbwa huipata hata kwenye maziwa ya mama yao. Hakuna probiotiki inayomtoa mnyoo. Kisha kuna mbwa aliyelishwa ugali na dagaa maisha yake yote, mwenye nyumba akapandishwa cheo, akanunua mfuko wa chakula cha kigeni na kumbadilishia siku moja. Huyo anataka siku saba au kumi za kuchanganyiwa kidogo kidogo. Na kuna yule wa sikukuu aliyepewa mafuta ya mbuzi na mifupa ya pilau. Huyo muombee, na ukiona amejikunja kwa maumivu ya tumbo au anatapika mfululizo, usingoje.

Wengi wanaobaki baada ya hao hupona wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha jaribio la mbwa 60 wenye kuhara kwa ghafla. Waliwagawa makundi matatu kwa bahati nasibu: kundi la probiotiki, kundi la antibiotiki ya metronidazole, na kundi la dawa bandia isiyo na kitu. Mwenye mbwa hakujua mbwa wake amepewa nini, na daktari naye hakujua. Waliopewa probiotiki walirudia kinyesi kinachokubalika kwa wastani wa siku 3.5. Wa metronidazole siku 4.6. Wa dawa bandia siku 4.8. Kwa macho ya haraka utasema probiotiki imeshinda. Kitakwimu haikushinda, kwa sababu mbwa mmoja na mwingine walitofautiana mno ndani ya kundi lilelile, kiasi kwamba siku moja hiyo ingeweza kuwa bahati tu.

Muuzaji atakuonyesha ile 3.5. Mimi naomba uitazame ile 4.8: mbwa ambao hawakupewa dawa yoyote ya kweli, kwa wastani walikuwa sawa kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo jirani anapokuambia, "Nilimpa ile dawa, siku ya nne akapona," hasemi uongo. Ila siku ya nne au ya tano ndipo wengi hupona hata wakipewa maji na wali mlaini.

Jaribio hilo lina funzo lingine kwetu, na ni kubwa kuliko la probiotiki. Metronidazole ndiyo hiyo Flagyl ambayo kila nyumba ina mabaki yake kabatini, na mbwa akiharisha leo, kesho ameshavunjiwa kidonge kwenye ugali. Kumbe katika kuhara kwa kawaida haikumsaidia zaidi ya dawa bandia. Tena ina gharama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M waliwapa mbwa wazima metronidazole kwa wiki mbili, wakakuta jamii ya bakteria wa utumbo imevurugika, na wiki nne baada ya kuiacha bado haikuwa imerudi kikamilifu. Miongoni mwa wanaopungua ni Clostridium hiranonis, bakteria asiyejulikana na wengi, anayefanya kazi ya kubadili asidi za nyongo ziwe katika umbo linalowazuia vijidudu wabaya kushamiri. Huyo hauzwi kwenye kopo lolote. Ukimuua kwa Flagyl ya kubahatisha, lactobasili, bakteria wa kawaida wa makopo ya dukani, hatakaa kwenye kiti chake.

Basi probiotiki ina nafasi gani? Ninaiona katika mambo machache: mbwa aliyeandikiwa antibiotiki kwa sababu ya haki, mbwa mwenye tumbo jepesi linalovurugika kila akisafirishwa au kuachwa kwa mlezi, na mbwa mwenye ugonjwa sugu wa utumbo ambaye daktari ameshamchunguza na kumpangia chakula. Kama wako ni mmoja wa hao, chukua kopo mkononi.

Upande wa mbele hauna unachokihitaji. Utakuta picha ya mbwa anayetabasamu, neno "asilia," na namba kubwa inayoishia na sifuri nyingi. Ligeuze. Mahali palipoandikwa viungo tafuta jina la bakteria, na jina hilo liwe la vipande vitatu: jenasi, spishi, na nasaba. "Lactobacillus" peke yake haitoshi. "Enterococcus faecium" haitoshi. Inayotosha ni kama "Enterococcus faecium SF68," ambayo kwingine huandikwa NCIMB 10415, au "Bifidobacterium animalis AHC7." Hicho kipande cha mwisho cha herufi na namba ndicho kilichofanyiwa utafiti. Kumtafuta bakteria kwa jina la spishi tu ni sawa na kuingia Kariakoo ukaulizia Juma.

AHC7 ni mfano mzuri. Alitolewa kwenye utumbo wa mbwa, si wa ng'ombe wala wa mtu, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009 mbwa wenye kuhara kwa ghafla waliopewa huyo walipona kwa wastani wa siku 3.9, wenzao wa dawa bandia 6.6. Matokeo hayo ni ya AHC7. Hayamhusu Bifidobacterium animalis mwingine aliyetoka kwenye kiwanda cha mtindi, hata kama ni ndugu yake.

SF68 naye anafundisha upande wa pili. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika kituo cha kuhifadhi wanyama wasio na wenyewe, jimbo la Colorado, Marekani. Paka waliopewa SF68 walipatwa na kuhara kwa siku mbili au zaidi kwa kiwango cha asilimia 7.4, wasiopewa asilimia 20.7. Mbwa wa kituo hichohicho, bakteria yuleyule: hakuna tofauti iliyoonekana. Sehemu ya sababu ni kwamba mbwa hao hawakuharisha sana tangu mwanzo, na asiyeugua huwezi kumponya. Lakini kaa na hilo akilini ukiona tangazo linalosema "imethibitishwa kwa wanyama wa nyumbani." Uliza, wanyama gani?

Kipakti maarufu cha SF68, FortiFlora ya kampuni ya Purina, kina jambo ambalo wachache hulitazama. Ni gramu 1 ya unga, na kampuni inaahidi bakteria milioni 100 ndani yake. Lakini viungo huandikwa kwa kufuata uzito, na kwa miaka mingi kilichoongoza orodha hakikuwa bakteria. Kilikuwa kiungo cha ladha kilichotokana na nyama iliyosagwa na kuyeyushwa kwa vimeng'enya. Harufu yake mbwa hawaikatai. Mbwa aliyegoma kula akinyunyiziwa hiyo juu ya chakula akamaliza bakuli, mwenye mbwa husifu bakteria. Sisemi kipakti hicho ni kibaya. Kina utafiti mwingi kuliko vingi vya soko lake. Nasema hamu ya kula iliyorudi dakika tano baada ya kunyunyiza ni ya pua.

Sasa namba. Wanunuzi wengi huamini bilioni 50 ni bora kuliko bilioni 5, kama vile ni mishahara. Ukweli ni kwamba kiasi kinachofaa ni kile kilichotumika kwenye jaribio la nasaba hiyo, na viasi hivyo vinaachana mbali sana. SF68 imejaribiwa kwa mamia ya mamilioni. Kwa upande mwingine kuna mchanganyiko wa nasaba nane uliobuniwa na profesa Claudio De Simone wa Italia. Mwaka 2014 watafiti wa Italia waliwapa mchanganyiko huo mbwa 10 wenye ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, na wengine 10 wakapewa prednisone, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na metronidazole. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Lakini dozi ilikuwa zaidi ya bilioni 100 kwa siku kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa. Mtu anayenunua kopo la bilioni 1 akitarajia matokeo ya jaribio hilo anajidanganya kwa mara mia.

Mchanganyiko huohuo una kisa cha biashara kinachofaa kukumbukwa dukani. Wakati wa jaribio uliitwa VSL#3. Baadaye De Simone na kampuni iliyokuwa ikiuuza waliachana, yeye akaondoka na fomula yake, ambayo Marekani sasa inauzwa kwa jina la Visbiome. Jina VSL#3 lilibaki kwenye soko likiwa juu ya bidhaa iliyotengenezwa vingine, na mwaka 2018 baraza la mahakama ya shirikisho katika jimbo la Maryland likaamua kwamba wauzaji walitangaza kwa namna ya kupotosha. Jina la kopo ni mali ya kampuni, na linaweza kubaki huku kilichomo kikihama. Ndiyo maana nasisitiza herufi na namba za nasaba kuliko chapa.

Kando ya idadi pana maneno madogo yanayobeba uzito wote: idadi hiyo ni ya lini? Lebo nyingi husema "wakati wa kutengenezwa." Maana yake siku kopo lilipofungwa kiwandani, huko Ohio au Lyon, bakteria walikuwa wengi hivyo. Hapo kampuni haijaahidi lolote kuhusu siku utakayolifungua wewe Tanga. Unayoitaka ni inayosema idadi hiyo imehakikishwa hadi mwisho wa muda wa matumizi. Isiposema, rudisha.

Kwa watu wa mwambao jambo hili ni zito zaidi. Bakteria wa kwenye kopo wamekaushwa kwa kugandishwa, wamelala. Maadui zao ni joto na unyevu, na Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar vyote viwili vipo mwaka mzima. Chukua kopo lililosafiri kwenye kontena, likakaa bandarini, likapelekwa kwa bodaboda adhuhuri, kisha likapangwa kwenye rafu ya dirishani linapopigwa na jua la saa tisa. Humo ndani kuna makaburi. Kila ukilifungua kulichota, unyevu unaingia, na bakteria wanaanza kuamka mahali pasipo na chakula, wanakufa. Kwa sababu hiyo huku kwetu nachagua vipakti vya foili vya dozi moja moja kuliko kopo la kuchota, hata kama kopo ni rahisi zaidi kwa gramu. Muulize mwenye duka la dawa za mifugo, au agrovet kama wanavyosema Kenya, mzigo huo unakaa wapi usiku na umeme ukikatika inakuwaje. Akikushangaa, umepata jibu.

Kuna njia nyingine ya kulikwepa joto, nayo ni bakteria wanaotengeneza mbegu ngumu za kujihifadhi, wa jenasi ya Bacillus. Mbegu hizo huvumilia joto na ukavu ambao lactobasili hawauwezi, na ndiyo maana hata viwanda vya chakula huzipenda. Mmoja wao, Bacillus velezensis DSM 15544, ameshapitia tathmini ya mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya kwa matumizi ya mbwa. Ulaya bakteria wa kuongezwa kwenye chakula cha mnyama hahitaji tangazo tu, anahitaji kibali. Marekani hali ni legevu zaidi: virutubisho vya namna hii huingia sokoni bila mtu kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Huko kuna nembo ya NASC, baraza la watengenezaji wenyewe la kujisimamia kwa hiari. Ikiwapo kwenye kopo ni afadhali kuliko isipokuwapo, lakini haithibitishi kwamba kilichomo kinaponya.

Wa mwisho si bakteria kabisa. Ni hamira, Saccharomyces boulardii, iliyopewa jina la Mfaransa Henri Boulard aliyeitoa kwenye maganda ya matunda huko Indochina miaka ya 1920. Kwa kuwa ni hamira, antibiotiki za bakteria haziiui, hivyo inaweza kwenda pamoja na matibabu. Bakteria wa kopo, kinyume chake, watenganishe na kidonge kwa saa kadhaa. Hamira hii mara nyingi hupatikana kwenye duka la dawa za binadamu, na hapo ndipo pa kuwa macho: bidhaa za binadamu, hasa za kutafuna na za unga wenye ladha, zinaweza kuwa zimetiwa utamu wa zailitoli. Zailitoli kwa mbwa ni sumu. Hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini. Kwenye lebo huandikwa xylitol au E967. Ukiiona, hata kwa mbali, acha. Na mbwa aliye mahututi, au anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, asipewe kiumbe hai chochote bila daktari kujua.

Mtindi? Mtindi usio na sukari, vijiko viwili, hautamdhuru mbwa anayevumilia maziwa. Wengi wakiwa wakubwa hawayavumilii, na utakuwa umeongeza kuhara juu ya kuhara. Mpe kama kitamu, usiuite dawa.

Ukishanunua, nyunyiza juu ya chakula kilichopoa. Ugali unaotoa mvuke ni tanuri kwa bakteria uliowalipia. Usibadilishe chakula, dawa na probiotiki kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Andika kila siku kinyesi kilivyokuwa: kigumu, laini, maji, mara ngapi. Kwa tumbo lililovurugika ghafla, siku tano zinatosha kuona. Kwa tatizo sugu mpe wiki nne, na daftari likionyesha kwamba hakuna kilichobadilika, usiende kununua kubwa zaidi ya chapa ileile. Acha, na pesa hiyo itumie kupima kinyesi maabara.

Na kama mbwa anatapika, hanywi maji, au kinyesi kina damu, kopo lisubiri. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na kama ni mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa parvo, usingoje kukuche.